Mbona Kwetu Inafunguka?

Haya wadau, nimerudi. Najua nimekuwa kimya, na wale mlionitumia ujumbe kuuliza kama nimedisco, asanteni sana kwa upendo huo wa ajabu. Sijadisco. Kulikuwa na test tano ndani ya wiki mbili, halafu laptop ikalala kwa fundi siku nne.

Nilikuwa nimeapa kutoandika tena habari za kompyuta hapa, maana kila nikiandika watu wanahamishia virusi vyao chumbani kwangu. Ila hili limenikaa rohoni tangu muhula uliopita na wiki ijayo usajili wa kozi unaanza tena, kwa hiyo bora niliseme sasa kuliko kulilia baadaye.

Mnaikumbuka ile Ijumaa. Mwisho wa kusajili kozi ulikuwa saa kumi jioni. Usiposajili, jina halionekani kwenye orodha ya darasa, na jina lisipoonekana hakuna cha kusaini boom, au ulipe faini ya kuchelewa kwanza ndipo uingizwe. Sasa sisi tunaokaa mtaani nje ya geti, kila tukifungua mfumo wa usajili, ukurasa unazunguka, unazunguka, mwisho kivinjari kinakwambia muda umekwisha. Waliokaa hosteli za ndani wanasajili kama kawaida, wanacheka, wanaenda kula.

Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, amepanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu, alikuja saa saba mchana na simu mkononi. "Kaka, nisaidie, nimenunua bando mara mbili, bado." Mara mbili! Alidhani bando ndilo bovu. Nikafanya yale tunayoyafanya wote: nikazima simu nikawasha, nikaweka hali ya ndege nikatoa, nikamwambia network mbovu leo, subiri. Yaani mimi, mwaka wa tatu, ninayejiita mtu wa kompyuta, dawa yangu ilikuwa ni kusubiri.

Alipoona saa zinakwenda akapiga simu ofisini. Akajibiwa: "Wewe binti, mfumo uko hewani, mbona kwetu inafunguka?" Akakatiwa. Saa kumi ikapita.

Hilo jibu ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu yule aliyejibu hakusema uongo. Kwao ilikuwa inafunguka kweli. Na mdogo wetu naye hakusema uongo, kwake ilikuwa haifunguki. Watu wawili wanasema kweli, mmoja analipa faini. Ukishajua kilichotokea katikati utaona kwamba hapakuwa na "network mbovu" hata kidogo, na neno hilo ndilo linalotuponza wote.

Ngoja nieleze taratibu, na wale wa Sosholojia msikimbie.

Kompyuta hazitafutani kwa majina. Zinatafutana kwa namba, ile anwani ya IP. Jina la tovuti ni kwa ajili yetu sisi wenye vichwa vya kusahau. Ukiandika jina, kuna mtu katikati inabidi aulizwe: huyu anakaa namba ngapi? Kazi hiyo ya kuuliza na kujibiwa ndiyo inaitwa DNS, mfumo wa majina ya vikoa. Zamani sana, enzi za ARPANET, mambo yalikuwa rahisi: faili moja lenye majina na namba za kompyuta zote, linatunzwa kwenye taasisi ya utafiti ya Stanford huko California, na kila mwenye kompyuta analinakili. Kompyuta zilipozidi kuongezeka faili likashindwa kazi, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akachapisha muundo wa mfumo huu wa kuulizana tunaoutumia hadi leo. (Lile faili halijafa, lo! Fungua kompyuta yako ya Windows, ndani ya System32, kwenye folda ya drivers halafu etc, utakuta faili linaitwa hosts. Ndilo mjukuu wake. Usiliguse kama hujui unachofanya.)

Sasa chukua mfano huu. Unashuka stendi ya mtaa usioujua, unamtafuta Mama Ushonaji. Unamuuliza kijana wa bodaboda. Yeye hamjui, anampigia mwenzake aliye karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, wa serikali ya mtaa anamwelekeza kwa balozi wa nyumba kumi, balozi anasema yuko nyumba ya saba, geti la bluu. Bodaboda anakupeleka. Bodaboda ndiye seva ya kuulizia ya kampuni yako ya simu. Balozi ndiye seva yenye neno la mwisho kuhusu jina hilo, na kwa mfumo wa chuo, balozi huyo yuko chuoni.

Kesho anakuja abiria mwingine anamtafuta Mama Ushonaji. Unadhani bodaboda atapiga simu tena? Thubutu! Anajua tayari, anawasha pikipiki anaondoka. Hiyo si uvivu, ndiyo inayofanya mtandao uende haraka, maana wangekuwa wanamuuliza balozi kila dakika balozi angekufa kwa uchovu. Na balozi mwenyewe ndiye anayewaambia: jibu langu hili litumieni kwa muda fulani, ukiisha rudini kuniuliza. Muda huo unaandikwa kwa sekunde. Wengi huweka 86400, ambazo ni saa 24 kamili.

Mama Ushonaji akihama usiku? Bodaboda atampeleka abiria kwenye geti la bluu, abiria atagonga mpaka vidole viume, na ndani hakuna mtu.

Basi bwana, ndicho kilichotokea. Usiku wa Alhamisi, kama saa nne hivi, wenyewe walihamisha mfumo wa usajili kwenda kwenye seva mpya. Namba ikabadilika. Ile ya zamani wakaizima. Seva ya majina ya ndani ya chuo ilijua palepale, kwa sababu balozi ni wao wenyewe. Kwa hiyo yeyote aliyekuwa kwenye waya au waifai ya chuo, ikiwa ni pamoja na yule aliyepokea simu ofisini, alipelekwa nyumba mpya. Sisi wa bando tulikuwa tunaulizia kwa bodaboda aliyeulizwa mara ya mwisho Alhamisi jioni, na ana ruhusa halali ya kukaa na jibu lile mpaka Ijumaa usiku. Muda wa usajili unaisha saa kumi jioni. Piga hesabu.

Nilijuaje? Kwa aibu, ndivyo nilivyojua. Baada ya saa kumi kupita, yule binti amekaa kwenye kiti changu analia kimyakimya, nikaona haya. Nikawasha hotspoti ya simu yangu, nikaunganisha laptop. Nikafungua tovuti nyingine mbili tatu, zote zikaja haraka. Hapo tu ningekuwa na akili ningesimama saa saba mchana: mtandao mbovu haubagui. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika? Ule ndio ulikuwa mtandao mbovu. Ilikuwa balaa kwa kila mtu, si tovuti moja. Ukiona kila kitu kinafunguka isipokuwa kimoja, acha kununua bando.

Halafu nikafanya kosa la pili. Nikaandika ipconfig /flushdns kwa mbwembwe, vidole vinacheza, binti anatazama. Haikubadilika kitu. Amri ile inafuta kumbukumbu ya kompyuta yako mwenyewe, haimfikii bodaboda. Ni sawa na wewe kusahau nyumba ya Mama Ushonaji kisha ukamuuliza tena dereva yuleyule.

Ndipo nikaandika nslookup, nikafuatisha na jina la mfumo. Ikatoka namba inayoishia na 14. Nikaandika tena vilevile, lakini mwishoni nikaongeza 8.8.8.8, ambayo ni seva ya kuulizia ya Google, ipo tangu Desemba 2009. Ikatoka namba inayoishia na 62. Jina moja, namba mbili. Nilipiga kelele mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini.

Kwenye simu ya binti tukaingia mipangilio, sehemu ya DNS ya faragha (ipo kwenye Android kuanzia toleo la 9), tukaandika dns.google. Mfumo ukafunguka ndani ya sekunde tatu. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini. Ukurasa mzuri, safi, na maandishi mekundu juu: usajili umefungwa.

Sasa maoni yangu, na mtanisamehe kama yatakuwa makali.

Kwanza sisi wanafunzi. "Network mbovu" limekuwa neno la kufunika kila kitu, kama vile wazee wanavyosema "malaria" kwa kila homa. Tatizo la neno hili ni kwamba halina mwenyewe. Ukilisema ofisini hakuna mtu wa kuulizwa, maana network ni ya kila mtu na si ya mtu, na ofisi inakujibu kwa haki kabisa kwamba kwao ipo. Ungesema "jina la mfumo linanipa namba ya zamani ninapotumia laini hii, na namba mpya ninapotumia hii, picha hizi hapa", hapo kuna mtu mmoja tu duniani anayehusika nalo na jina lake liko kwenye mlango wa ofisi. Ujumbe wa kosa usomeni jamani. Kivinjari kikikuandikia DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN kinasema aliyeulizwa amejibu kwamba jina hilo halipo kabisa; angalia kwanza kama hukuandika co.tz badala ya ac.tz, na mara nyingi ni hilo. Kikisema muda wa kuunganisha umekwisha, jina limepata namba ila kwenye namba hiyo hakuna anayeitikia. Kikilalamikia cheti cha usalama, tazama saa ya kompyuta yako, betri ndogo ikifa unarudishwa miaka ya nyuma. Ni matatizo matatu tofauti, na yote hapa kwetu yanaitwa jina moja.

Halafu kuna hawa wataalamu wetu wa vyumbani, na mimi nimo, ambao tangu siku ile dawa yetu kwa kila ugonjwa ni "weka 8.8.8.8". Hapana. Kuna mjomba mmoja wa Block B ameiweka kwenye laptop moja kwa moja, sasa waifai ya chuo haimletei ukurasa wa kuingiza namba ya usajili na nywila, na mifumo ya ndani ambayo majina yake yanajulikana ndani tu haioni. Analalamika wiki ya tatu. Mwingine aliweka kwenye simu anwani ya kuzuia matangazo, seva ile ikapotea, na simu nzima ikawa haifungui chochote wakati bando limejaa. Kubadilisha mtu wa kumuuliza ni kipimo kizuri sana cha kujua ugonjwa uko wapi. Ukishapima, rudisha ulipotoa, au angalau kumbuka ulichobadilisha. Sikatai kwamba namba hizo zina heshima yake. Machi 2014 serikali ya Uturuki ilipoifungia Twitter kwa kuvuruga majina, watu waliandika 8.8.8.8 kwa rangi ukutani barabarani. Lakini ile ilikuwa vita, hii ni kusajili kozi.

Kwa wenye mifumo nina maneno zaidi. Kuhama si dhambi. Kila mtu anahama. Ila anayehama na kujua ana wageni kesho yake anatangulia kumwambia balozi. Siku mbili kabla, punguza ule muda kutoka 86400 uwe 300, yaani dakika tano. Subiri ule wa zamani uishe. Hamisha. Bodaboda wote watarudi kuuliza ndani ya dakika tano. Kisha seva ya zamani usiizime. Iache siku moja mbili, hata kama kazi yake ni kuonyesha tangazo la mistari miwili kwamba tumehama. Haya hayahitaji bajeti wala mzabuni. Ni kubadilisha namba moja kwenye faili, na sisi tunafundishwa mwaka wa pili, darasani, na chuo hichohicho.

Na usihamishe usiku wa kuamkia siku ya mwisho! Hili hata bibi yangu asiyejua kompyuta angekushauri.

Mtu mmoja aliniambia nisiwaonee, hata wakubwa wanakosea. Kweli, wanakosea. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takriban saa sita dunia nzima. Nilikuwa bado sekondari, nimeazima simu ya kaka, nikadhani nimeiharibu nikairudisha mezani kimyakimya. Kumbe amri moja ya matengenezo ilikata njia kati ya vituo vyao vya data, seva zao za majina zikaona hazifiki vituoni zikajiondoa zenyewe barabarani. Kompyuta zao zilikuwa nzima, ila duniani hakuna aliyejua ziko wapi. Na tarehe 20 Oktoba 2025 Amazon nao, kule Virginia, programu zao za kusimamia majina ziligongana na kuacha jina la huduma yao moja bila namba yoyote. Snapchat ni mojawapo ya zilizoanguka nayo. Kwa hiyo hakuna mjuzi asiyeteleza.

Lakini angalieni kilichofuata. Wote wawili walitoka wakaandika hadharani nini kilivunjika, kwa mpangilio gani, na watabadilisha nini. Hakuna aliyemwambia mteja "mbona kwetu inafunguka". Hapo ndipo ninapowalaumu wa kwetu, si kwenye kukosea. "Kwetu inafunguka" si kipimo cha chochote. Anayesema hivyo amesimama ndani ya geti. Ofisi inayohudumia watu walio nje ilipaswa kuwa na hata simu moja ya bando, laini ya kawaida kabisa, ya kujaribia kabla ya kumkatia mtoto wa watu.

Jumatatu yake CR wetu, na namsifu kwa hili, alichukua picha zangu mbili za skrini akaenda nazo ofisini. Aliniomba niongozane naye. Tulimkuta mzee mmoja mpole, tukamwamkia, akatukaribisha viti, akazitazama picha kwa muda mrefu. Akauliza namba ya 14 ni ya nini. Tukamwambia. Akasema "aah", akainua simu, akaongea na mtu kwa sauti ya chini. Saa nane mchana mfumo ukafunguliwa tena mpaka Jumanne jioni. Tangazo lilisema "kutokana na matatizo ya mtandao". Nilicheka peke yangu pale ubaoni kama mwehu.

Waliokuwa hawajalipa faini wakasajili bure. Waliolipa, imekula kwao. Mdogo wetu alikuwa ameshalipa Jumamosi asubuhi, elfu ishirini, mama yake amemtumia kwa simu. Mama yake anauza vitumbua. Nimemsaidia kuandika barua ya kurudishiwa, akaipeleka, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tangu hapo kila akienda anaambiwa faili liko kwa mhasibu. Juzi alinisimamisha njiani akaniuliza kama barua nazo zina muda wa sekunde 86400. Nilikosa jibu.

Usajili unafunguliwa Jumatatu. Mimi nimeshaandika namba ya sasa ya mfumo kwenye daftari, na asubuhi hiyo nitapima kwa laini tatu tofauti kabla sijanywa chai. Mwenye laini ya nne anitafute, chumba ni kilekile. Na tafadhali, njooni bila flashi zenu.